Basi la mwambaoni: Wanseko, Panyimur au Ssese?

Anayetaka kupanda basi Kampala na kushuka mahali ambapo mbele yake ni maji matupu ana njia tatu za kuchagua. Ya kwanza inapita Hoima, inateremka ukingo wa Bonde la Ufa baada ya Biiso, kisha inaelekea kaskazini kwenye ufuko wa mashariki wa Ziwa Albert hadi Wanseko. Ya pili inazunguka juu, inavuka Nile mara mbili, Karuma na Pakwach, halafu inarudi kusini hadi Panyimur, ng'ambo ya Wanseko. Ya tatu inakwenda Masaka, inakata kushoto hadi Bukakata, na kuvuka kwa feri mpaka Buggala, kisiwa kikubwa kuliko vyote vya Ssese katika Ziwa Victoria. Ipo na ya nne, Ntoroko, kwa wasioogopa vumbi.

Abiria wengi huanza kwa kuuliza kampuni ipi ina basi zuri. Swali hilo lina maana kwa safari ya Nairobi au Kigali. Hapa halikusaidii sana, kwa sababu kutoka Kampala hadi Hoima, Pakwach au Masaka ziwa karibu hulioni. Mandhari yote yamebanwa kwenye kilomita za mwisho, kati ya 30 na 110 kutegemea njia, na kipande hicho mara nyingi hukipandi kwenye basi ulilotoka nalo mjini, bali kwenye taksi ya watu 14 au basi dogo la huko huko. Basi panga safari yako kuanzia mwisho: kipande cha mwisho utakifikia saa ngapi, utakaa upande gani, na feri inasimama saa ngapi. Ukishajibu hayo, ndipo utafute basi la kukufikisha.

Hoima hadi Wanseko

Kampala hadi Hoima kupitia Busunju na Kiboga ni takribani kilomita 200, na basi huchukua saa nne hadi tano. Kutoka Hoima barabara ya Butiaba na Wanseko ni kilomita 111, lami tupu. Lami hiyo haikuletwa na watalii wala wavuvi. Ililetwa na mafuta: visima vya Tilenga viko Buliisa, na mitambo ilihitaji njia ya kupita. Matokeo yake ni kwamba sehemu iliyokuwa ya vumbi na mashimo sasa taksi inaimaliza kwa saa mbili hivi, ikiwa haisimami kila steji.

Mpaka Kigorobya na kuendelea hadi Biiso unaona mashamba tu: mihogo, mahindi, migomba, nyumba za mabati. Ukishapita Biiso ndipo ardhi inapoisha ghafla. Dereva anapunguza gia, masikio yanaziba, na upepo unaoingia dirishani unabadilika kutoka baridi ya mlimani kuwa joto la bondeni ndani ya dakika chache. Chini kuna uwanda wa nyasi na miiba, kisha ziwa, na ng'ambo ya ziwa, siku isiyo na ukungu, milima ya Kongo imesimama kama ukuta. Ziwa Albert liko mita 600 na kidogo juu ya usawa wa bahari, wakati Hoima iko zaidi ya mita 1,000, kwa hiyo mteremko huo si wa maneno. Hakuna kipande kingine cha barabara ya basi Uganda kinachokupa ziwa lote kwa mpigo namna hii. Kwa macho peke yake, hii ndiyo njia tunayoiweka mbele.

Ukifika chini usitarajie kuona maji dirishani muda wote. Barabara inapita uwandani, kandokando ya hifadhi ya Bugungu, na ziwa linaonekana vipande vipande kati ya vichaka. Njia ya kwenda Butiaba mjini inachepuka kushoto. Butiaba ilikuwa bandari ya meli za wakoloni mpaka maji ya ziwa yalipopanda mwanzoni mwa miaka ya 1960. Ni hapo pia ndege iliyokuwa imembeba Ernest Hemingway iliposhika moto ikijaribu kuruka, Januari 1954, baada ya ndege yake ya kwanza kuanguka karibu na maporomoko ya Murchison. Leo ni kijiji cha wavuvi. Ukitaka kushuka hapo, mwambie konda mapema kwamba unashuka njia panda ya Butiaba, kisha chukua boda. Taksi ya Wanseko haiingii ndani.

Kaa upande wa kushoto, ule wa mlango wa abiria. Ukielekea kaskazini ziwa liko magharibi, yaani kushoto kwako njia nzima. Na safiri asubuhi. Jua likiwa mashariki linakuwa nyuma ya ukingo wa bonde na linaangaza ziwa pamoja na milima ya ng'ambo. Baada ya saa nane mchana mambo yanageuka: jua linakupiga usoni kupitia dirisha lile lile, maji yanang'aa kama bati jipya, na Kongo inapotea kabisa. Abiria wengi huondoka Kampala saa moja asubuhi, wanafika Hoima adhuhuri, wanangoja taksi ijae, na kuteremka Biiso saa tisa au kumi jua likiwa usoni. Wanaona kidogo, kisha wanasema pamesifiwa bure. Afadhali uondoke Kampala mchana, ulale Hoima, na uwe pakini, yaani kituo cha taksi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi.

Kinachoharibika kwenye njia hii ni kungoja. Taksi haiondoki mpaka ijae, na baada ya saa nne asubuhi abiria wa Wanseko wanapungua, kwa hiyo unaweza kukaa ndani ya gari lililozimwa muda mrefu kuliko safari yenyewe. Tatizo la pili ni kushushwa Buliisa. Konda akibakiwa na abiria wawili anasema Wanseko ni hapo tu, pandeni boda. Kweli si mbali, lakini nauli uliyolipa ni ya Wanseko. Kabla ya kutoa hela uliza hivi: "Gari linafika gatini au linaishia Buliisa?" Likiishia Buliisa, ondoa nauli ya boda kwenye bei.

Pia kuna basi za moja kwa moja kutoka Kampala hadi Buliisa na Wanseko. Zinakuondolea usumbufu wa kubadilisha gari, ila angalia saa. Zile zinazoondoka jioni zinateremka Biiso gizani, na hapo umelipia usingizi tu.

Wanaopenda misitu kuliko mashamba wanaweza kupitia Masindi badala ya Hoima. Njia hiyo inapita msitu wa Budongo na kukutana na ya Hoima pale Biiso. Magari ni machache zaidi, kwa hiyo tunaipendekeza tu kwa mtu ambaye tayari ana shughuli Masindi. Na kutoka Hoima hiyo hiyo kuna barabara ya lami ya Kaiso na Tonya, inayoteremka ukingo kwa kona kali kupitia hifadhi ya Kabwoya. Ni nzuri mno, lakini inaishia ziwani na unarudi njia uliyojia. Ifanye kama matembezi ya siku moja ukiwa Hoima.

Pakwach hadi Panyimur

Hapa unapanda basi za West Nile, zinazokwenda Nebbi na Arua, na unashuka Pakwach, takribani kilomita 360 kutoka Kampala. Hesabu saa sita hadi saba. Kwa starehe ya basi lenyewe, njia hii inazishinda zile mbili. Ushindani wa Arua ni mkubwa, kwa hiyo makampuni yanaleta makochi yenye viti viwili kila upande, nafasi ya miguu, na mahali pa kuchaji simu. Kwenye njia za Hoima na Masaka bado utakutana na basi la watu 67, viti vitatu upande mmoja na viwili upande mwingine, ambapo mtu wa katikati hana pa kuweka mabega.

Nauli inahitaji maneno kidogo. Baadhi ya makampuni hukutoza bei ya Nebbi au hata ya Arua ingawa unashuka Pakwach, kwa hoja kwamba kiti kitabaki wazi. Siku za kawaida hoja hiyo haina nguvu, kwa sababu njiani wanapakia wengine. Sema mapema, kabla tiketi haijaandikwa, na hakikisha neno Pakwach limeandikwa juu yake. Wakati wa Krismasi, Pasaka, Idi na wiki ya kufungua shule usipoteze pumzi. Lipa wanachotaka au panda siku nyingine.

Daraja la Karuma utalipita haraka, na povu la maji unaliona kwa sekunde chache. Daraja hilo la mwaka 1963 lilifungwa kwa ukarabati mwaka 2024 na magari yakapelekwa njia nyingine, kwa hiyo kabla ya safari ni vizuri kuuliza kama kuna kazi yoyote barabarani. Baada ya Karuma basi linakata kushoto, na kutoka hapo hadi Pakwach mbuga ya Murchison iko upande wa kushoto. Tembo huonekana kutoka kwenye basi, hasa asubuhi na jioni. Nyani wao hawahitaji kutafutwa, wanangoja barabarani. Funga dirisha na usiwatupie chakula. Ni kosa, na ndiyo sababu wanagongwa. Kwenye madaraja ya Karuma na Pakwach weka simu mfukoni, kwa sababu kuna askari na kupiga picha kunaleta maswali marefu.

Pakwach ni joto. Basi likikushusha darajani saa nane mchana unaelewa kwa nini watu wote wako chini ya miembe. Taksi na pikipiki za Panyimur zinakwenda kusini kama kilomita 30 na ushei, Nile ikiwa kushoto kwako. Hapa mambo ya jua ni kinyume cha Wanseko. Mto na ziwa viko mashariki ya barabara, kwa hiyo mwanga mzuri ni wa alasiri, jua likiwa nyuma yako. Ukitoka Kampala na basi la saa kumi na mbili au saa moja asubuhi utafika kwa wakati unaofaa bila kulala njiani. Epuka basi la usiku, hata kama ni rahisi. Linakutupa Pakwach saa tisa au kumi za usiku, wakati hakuna taksi wala nyumba ya wageni iliyo wazi, na tembo wote umewapita ukiwa umelala.

Panyimur yenyewe ni soko la samaki. Siku ya soko magari ni mengi na nafasi ni chache, siku nyingine ni kinyume chake. Barabara si ya kushtua macho kama ule mteremko wa Biiso: ni tambarare, mitende hapa na pale, mitumbwi, ng'ombe, vilima upande wa kulia. Mtu anayependa kuona watu wakifanya kazi ataipenda zaidi ya Wanseko. Mtu anayetaka picha ataona amekwenda mbali kwa kidogo.

Jambo jingine kwa msomaji wa Kiswahili: huku lugha yako inafanya kazi. Pakwach, Panyimur na hata Wanseko, pamoja na Kialur na Kigungu, Kiswahili kinasikika gatini, sokoni na kwenye steji, kwa sababu ya wafanyabiashara wa Kongo na historia ya jeshi. Ssese itakubidi uwe na Kiluganda kidogo, walau cha kupatana bei.

Masaka, Bukakata na Ssese

Hii ndiyo fupi na rahisi kuliko zote. Kampala hadi Masaka ni kilomita 130 hivi, na barabara ya Masaka hadi Bukakata ni kilomita 41 za lami. Feri ya Bukakata hadi Luku, upande wa Buggala, huchukua chini ya saa moja na abiria halipi. Kutoka Luku hadi mji wa Kalangala ni zaidi ya kilomita 30. Ukianza alfajiri, mchana uko Kalangala unakula sangara.

Lakini tuseme ukweli kuhusu dirisha. Kwenye barabara ya Kampala na Masaka ziwa linajionyesha kidogo tu pale Lwera, upande wa kushoto, nyuma ya matete na mashimo ya mchanga. Juu ya Buggala barabara inapita katikati ya mashamba ya michikichi na mabaki ya msitu, na ziwa linachungulia kwenye miinuko tu. Maji unayaona vizuri ukiwa juu ya feri. Kwa hiyo anayekwenda Ssese kwa ajili ya safari ya basi atavunjika moyo, na anayekwenda kwa ajili ya kukaa ufukweni Lutoboka siku mbili tatu hatavunjika. Ni tofauti kubwa na Wanseko, ambako safari ni tamu kuliko mahali unapofikia.

Kama una basi la moja kwa moja hadi Kalangala, gatini Bukakata utaambiwa ushuke. Gari linaingia feri peke yake, abiria wanapita kwa miguu. Chukua begi lenye hela, vitambulisho na simu, usiliache kitini. Ukivuka panda tena gari lile lile, kwa hiyo kumbuka namba yake ya usajili, si rangi tu, maana gatini yanaweza kuwa mawili yanayofanana. Kama umekuja kwa vipande, taksi za Bukakata hupatikana Nyendo, si Masaka mjini, na ng'ambo Luku kuna taksi na boda zinazongoja feri. Wale wanaotoka kwanza ndio wanaopata viti, kwa hiyo feri ikikaribia simama karibu na mlango.

Feri za Bukakata ziko mbili. Moja ikiingia matengenezo foleni ya magari inakuwa ndefu, lakini mtembea kwa miguu hapati shida hiyo. Kwa hiyo siku za matengenezo ni afadhali ushukie Bukakata, uvuke kwa miguu na kupanda gari jingine ng'ambo kuliko kungoja basi lako lipate zamu. Konda hatakushauri hivyo.

Njia hii ina mshindani ambaye si basi: meli ya MV Kalangala kutoka Nakiwogo, Entebbe. Kwa kawaida huondoka saa nane mchana, inafika Lutoboka, karibu na mji wa Kalangala, baada ya saa tatu na nusu hivi, na kurudi asubuhi yake saa mbili. Kama unakaa Entebbe au Kampala upande wa Kajjansi, na unachotaka ni maji, meli inaishinda basi bila ubishi. Ubaya wake ni kwamba ikiharibika au ikienda kufanyiwa ukarabati hakuna mbadala wa uhakika siku hiyo hiyo, wakati barabara ya Masaka ina gari kila saa. Barabara nayo si malaika: Mei 2023 maji yalibeba daraja la Katonga, na safari ya Masaka ikawa ya kuzungukia mbali. Tunapendekeza kwenda kwa meli na kurudi kwa basi. Meli ikikwama kwenda, unabaki Entebbe umekasirika tu. Ikikwama kurudi, uko kisiwani na kazini wanakungoja.

Ntoroko kwa ufupi

Basi hadi Fort Portal, kilomita 300 hivi, kisha taksi ya barabara ya Bundibugyo hadi Karugutu, halafu kipande cha mwisho kupitia hifadhi ya Semuliki hadi ziwani. Rwenzori ikijitokeza mawinguni, mandhari yanaweza kushindana na Biiso. Ila magari ya kipande cha mwisho ni machache, mvua huharibu njia, na mafuriko ya ziwa yamekwishaingia kwenye makazi ya ufukweni zaidi ya mara moja. Si safari ya kwanza ya mtu.

Feri, upepo na maji

Wanseko na Panyimur zinaunganishwa na feri ya serikali, bure kwa abiria, takribani saa moja ya maji. Hapa basi halivuki nawe: unashuka Wanseko, unavuka kwa miguu, unatafuta gari Panyimur. Uliza saa ya feri siku moja kabla, tena uliza watu wawili, mmoja gatini na mmoja steji. Ratiba hubadilika kwa sababu tatu zinazojulikana: injini, dizeli, na kina cha maji. Mwaka 2020 maziwa yalipopanda, magati mengi ya Uganda yaliingia majini, na feri haiwezi kushusha watu mahali ambapo gati halionekani.

Feri isipokuwepo, vijana watakuambia kuna mashua. Ipande tu kama kila abiria ana jaketi la kuokolea, na lako umelivaa na kulifunga kabla injini haijawaka. Mashua za Ziwa Albert hujaza watu na magunia mpaka maji yanabaki kiganja kimoja kutoka ukingoni, na upepo wa bondeni huja bila kubisha hodi. Siku ya Krismasi 2016 mashua iliyobeba wachezaji wa mpira na mashabiki wao ilipinduka ziwani humo na kuua watu wengi. Hakuna safari ya mandhari inayostahili hatari hiyo. Lala Wanseko, feri itakuja kesho.

Usitembee majini kungoja chombo. Ufuko wa Ziwa Albert, Butiaba hasa, ni mahali palipojulikana kwa kichocho miaka mingi, na kichocho hakihitaji uoge, miguu inatosha.

Kiti, mzigo na simu

Katika basi la watu 67 epuka mistari iliyo juu ya ekseli ya nyuma na kile kiti kirefu cha mwisho. Kwenye matuta ya barabara, na Uganda inayapenda matuta, mtu wa nyuma anarushwa mara mbili, gurudumu la mbele likipita na la nyuma likipita. Mistari ya tatu hadi ya sita kutoka mbele inatikisika kidogo na bado unaona kioo cha mbele. Kabla ya kukaa jaribu dirisha. Kwenye mabasi mengi vioo vinateleza kwa zamu, na mmoja kati ya abiria wawili ndiye anayeshika hewa. Kwenye taksi kiti bora ni cha mbele kushoto kabisa, karibu na mlango. Kile cha katikati, kati yako na dereva, kina joto la injini chini yake.

Mzigo unaotoka ziwani ni samaki. Basi za kurudi kutoka Wanseko na Panyimur hubeba magunia ya muziri na ragoge waliokaushwa, angara wa chumvi, na wakati mwingine samaki wabichi kwenye barafu inayoyeyuka. Buti likiwa na magunia hayo, begi lako la nguo litanuka wiki nzima. Libebe ndani, au lifunge kwenye mfuko wa plastiki mzito kabla ya kulikabidhi, na uombe liwekwe upande usio na samaki. Kutoka Ssese hali ni ile ile, ila ni mukene, yaani dagaa.

Simu karibu na mpaka wa Kongo, Panyimur na Ntoroko, huweza kushika mtandao wa Kongo bila kukuuliza, na salio linayeyuka. Nenda kwenye mipangilio, zima uchaguzi wa mtandao wa moja kwa moja, na ushikilie mtandao wako. Toa hela taslimu ukiwa Hoima, Pakwach au Masaka. Mawakala wa hela ya simu wapo mpaka gatini, lakini Jumapili na siku ya soko utaambiwa floti imeisha. Beba kitambulisho cha taifa au pasipoti, kwani karibu na mpaka vizuizi vya askari ni vya kawaida.

Msimu

Desemba hadi Februari barabara ni kavu kila mahali, lakini watu wanachoma nyasi na moshi unatanda juu ya Ziwa Albert. Unateremka Biiso huoni Kongo. Anga safi kuliko zote huja siku moja au mbili baada ya mvua kubwa, kwa hiyo kwa njia ya Wanseko, ambayo ni lami, miezi ya mvua si adui. Kwa Panyimur na Ntoroko, ambako kipande cha mwisho kinategemea hali ya udongo, chagua ukavu. Ssese inafaa wakati wowote, ila asubuhi ziwa ni tulivu zaidi kuliko alasiri.

Kuziunganisha

Mwenye siku tatu hana haja ya kuchagua kati ya Wanseko na Panyimur. Lala Hoima, teremka Biiso asubuhi ukiwa umekaa kushoto, vuka na feri ya mchana, panda gari la Panyimur kwenda Pakwach alasiri. Safari hii mto uko kulia kwako na jua kushoto, kwa hiyo kaa kulia. Lala Pakwach, na kesho yake rudi Kampala kwa basi la Arua.

Usiifanye kinyume, ukianzia Pakwach. Utafika Wanseko alasiri, taksi za Hoima zimekwisha, na mteremko wa Biiso utaupanda kesho ukiwa umelipa mgongo ziwa. Tena basi za kurudi kutoka Wanseko huondoka kabla ya mapambazuko, wakati Pakwach basi zinapita mchana kutwa. Shida yake moja ni kwamba zinafika Pakwach zikiwa zimejaa kutoka Arua. Omba mwenye nyumba ya wageni au wakala wa tiketi wa Pakwach apige simu Nebbi au Arua jioni kushika kiti, na uulize kiti hicho ni namba ngapi. Safari ya kurudi mbuga iko kulia.